Skana Haina Kitufe cha Kusemea

Skana yetu, yaani redio ya kusikilizia madereva, ni moja, na waya wake wa hedifoni unagawanyika mara mbili. Kwa hiyo mimi na mama tukiwa jukwaani kwenye mbio za magari za Brushy Gap tunakaa kama ng'ombe wa nira moja. Yeye akigeuka kulia na mimi nageuka kulia, la sivyo mmoja wetu anavuliwa hedifoni kichwani.

Jumamosi ya mwisho wa msimu mama alikuja moja kwa moja kutoka kiwanda cha soksi. Alikuwa amefanya kazi usiku kucha bila kupata hata lepe la usingizi, na nyuzi nyeupe zilikuwa bado zimemganda kwenye nywele. Alijifunika blanketi miguuni, akanywa kahawa kidogo kutoka kwenye chupa, akafumba macho.

"Nikilala usiniamshe mpaka bendera ya kijani," alisema.

"Ndiyo, mama."

Hakulala. Alikaa amefumba macho huku kidole chake kikibonyeza skana kutoka dereva mmoja hadi mwingine, kama mtu anayechambua maharage gizani.

Mgeni anadhani watu huja kwenye mbio kutazama. Hapa kwetu watu huja kusikiliza. Kila dereva ana namba yake hewani, na akiwa ndani ya gari anazungumza na watu wake kwa namba hiyo. Mwenye skana akiijua anasikia yote: tairi linaloteleza, breki inayonuka, matusi, sala, ugomvi wa mtu na shemeji yake. Kuna Bwana Hoyt, anayekaa ngazi moja chini yetu. Sidhani kama ametazama gari hata moja tangu nimjue. Anayapa magari mgongo, anakula karanga za kuchemsha, na anacheka peke yake.

"Charla," aliniita siku ile. "Kaka yako leo kimya sana. Amemeza ulimi?"

Nilitikisa kichwa. Mimi si mtu wa maneno. Hata kwenye dirisha la chakula naonyesha kwa kidole, na yule mama wa dirishani ameshanizoea. Anajua ni mkate wenye nyama ya kukaanga na haradali, bila kitunguu.

"Mwache mwanangu," mama alisema bila kufumbua macho. "Huyo Rusk wako anaongea tangu asubuhi, na bado gari lake linakwenda kama friji."

"Friji lenye pointi, dada!"

"Lenye pointi chache kuliko zetu. Tafuna karanga, Hoyt."

Mambo yalikuwa hivi. Kati ya Coy, kaka yangu, na Rusk wa gari la kumi na moja, atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye angekuwa bingwa wa msimu. Mwenye duka la matrekta mjini alikuwa ameahidi kumpeleka bingwa kwenye viwanja vikubwa mwaka unaofuata, kwa gari zuri lenye mafundi wa kweli. Baba alishindana Brushy Gap maisha yake yote na hakupata ubingwa hata mara moja. Alipopooza mimi nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa kiwandani na Coy gereji, kwa hiyo nilibaki mimi nyumbani kumlisha na kumgeuza. Shuleni sikurudi. Baba alipofariki nilikuwa nimeshazoea nyumba isiyo na maongezi, na ubingwa alioukosa ulikuwa kama kitanda chake, ambacho hakuna kati yetu aliyethubutu kukitoa chumbani.

Tatizo lilikuwa kichwa cha Coy. Majuma mawili kabla ya hapo aligonga ukuta kwenye uwanja mwingine, kwa ubavu, kwa kishindo ambacho niliendelea kukisikia siku nyingi. Alitoka garini kwa miguu yake, akapunga mkono, watu wakapiga makofi. Usiku alitapika, akasema ni soseji. Kesho yake alilala na taulo machoni mchana kutwa. Nikakuta maziwa kabatini na funguo za gari ndani ya friji. Nilimwambia mama. Mama alimtazama akinywa kahawa, akamuuliza, "Kichwa vipi?"

"Kipo," Coy alijibu.

Ikaishia hapo. Kwetu mwanamume akishasema kichwa kipo, maswali yamekwisha.

Uwanja una sheria. Aliyegonga hawezi kushindana tena mpaka nesi wa hema la matibabu amwulize maswali ya kupima kichwa na kumpiga muhuri wa ruhusa mkononi. Lakini maswali ni yale yale kila mara, na Mjomba Arvil, kaka yake mama, anayajua yote. Ijumaa alikuja jikoni kwetu, akamketisha Coy na kumkaririsha kama mtoto anayekariri aya ya Jumapili.

"Leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ya wapi! Kesho, bwana. Ukiulizwa kesho."

"Jumamosi."

"Uko wapi?"

"Brushy Gap."

"Taja miezi kinyumenyume."

"Desemba, Novemba, Oktoba…" Coy alikwama. Alitazama ukuta kama vile miezi imeandikwa pale. "Agosti?"

"Septemba, we mbuzi! Tena, kuanzia Desemba."

Mimi nilikuwa mezani hapo hapo nachaji betri za redio, kazi yangu ya kila Ijumaa. Walirudia mpaka miezi ikatiririka kama maji. Asubuhi Coy akaingia hemani, akatoka na muhuri mkononi, na Mjomba akampiga begani akicheka.

Mjomba Arvil alikuwa jicho la Coy. Dereva akishafungwa mikanda, na kofia ngumu kichwani, na kiti kimembana shingo pande zote mbili, haoni ubavuni wala nyuma. Kwa hiyo kila gari lina mtu wake juu ya paa la jukwaa. Yeye anauona uwanja wote na anamwambia dereva wake nani yuko kando, na lini pana nafasi. Huyo ndiye jicho.

Bendera ya kijani ikashushwa, mbio zikaanza.

"Kijani, kijani, kijani," sauti ya Mjomba ilisema masikioni mwetu. "Yupo nje yako. Bado yupo. Bado. Peupe. Nenda, mwanangu."

Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa nabebwa. Ndani, nje, bado, peupe. Ndani ni upande wa chini wa uwanja, nje ni upande wa ukuta, na peupe ni kwamba kando hakuna gari. Nayajua kama wengine wanavyojua nyimbo za kanisani. Mama alifumbua macho, akashika skana kwa mikono miwili, na kwa muda mrefu kila kitu kilikwenda vizuri. Coy alikuwa wa nne. Rusk alikuwa nyuma yake, akihangaika.

"Mjomba, imebaki mizunguko mingapi?" Coy aliuliza.

"Mia na kumi."

"Sawa."

Magari yalizunguka mara moja, mara ya pili.

"Mjomba, imebaki mizunguko mingapi?"

"Mia na minane. Tulia. Rusk yupo nyuma, kuna gari moja katikati yenu."

"Sawa."

Yakazunguka tena.

"Mjomba, imebaki mizunguko mingapi?"

Ilikuwa sauti ile ile, sauti ya mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza. Bwana Hoyt aliinua uso akicheka, maji ya karanga yakimtiririka kidevuni.

"Kijana ana haraka ya kwenda nyumbani! Vipi, dada, umeacha maharage jikoni?"

Watu wa ngazi yake wote walicheka, maana wote walikuwa wamesikia. Mama hakumjibu, nami nikajua ameogopa. Mama haachi kumjibu Hoyt.

Mjomba naye alielewa kwamba uwanja mzima unasikia, na kwamba waamuzi katika chumba chao wana skana pia na wangeweza kumtoa. Sauti yake ilirudi laini, ya kujifanya.

"Coy, redio yako inakwaruza. Kuanzia sasa usiseme kitu. Nitaongea mimi. Ukinisikia, bonyeza kitufe mara mbili tu. Umenielewa?"

Redio haikuwa inakwaruza. Betri nilizichaji mimi.

Tk, tk.

Basi tukabaki kusikiliza tk, tk. Mjomba akisema "Rusk amesogea," tk, tk. Mjomba akisema "kaza kidogo kona ya nne," tk, tk. Mama alishusha mabega, akajimiminia kahawa. Lakini mimi nilibana hedifoni sikioni kwa kiganja, kwa sababu vile vibonyezo vilikuwa vimeanza kuchelewa. Mjomba alisema kitu, ikapita nusu ya mzunguko, ndipo tk. Moja tu. Halafu tatu pasipo kuulizwa lolote. Halafu kitufe kikashikiliwa chini muda mrefu bila neno. Tukasikia injini, na chini ya injini pumzi, nzito na za polepole, kama za mtu aliyelala chali.

"Mama," nikasema.

"Nasikia."

"Mwambie Mjomba amtoe."

"Arvil yupo juu. Arvil anaona."

"Anaona gari. Hamwoni Coy."

"Imebaki sitini, Charla." Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na midomo imepauka. "Sitini tu. Baba yako alikuwa…"

Nilingoja ainuke. Kwa kweli nilingoja, kwa sababu siku zote mama ndiye anayesema na mimi ndiye ninayebeba vitu. Yeye aliinama tu juu ya skana na kukishika kile kisanduku kana kwamba angekibana vya kutosha kingemfikisha kwa mwanawe. Lakini skana ni ya kusikilizia. Haina kitufe cha kusemea. Ungeweza kumsikia mtu wako akifa humo ndani na usiweze kumwambia hata pole.

Nilivua hedifoni, nikampa upande wangu aushike. Aliupokea. Hakuniuliza nakwenda wapi wala hakunizuia.

Kwenye ngazi ya paa kuna mwanamke anayelinda, kwa maana huko juu hawaendi ila wenye beji. "Unapanda wapi, mwanangu?" aliniuliza. Nilionyesha juu kwa kidole. Akadhani nimetumwa na Mjomba, akasogeza goti nipite.

Juu ya paa watu wanaowaongoza madereva kwa redio walisimama kwa mstari kwenye reli, kila mmoja akinong'ona kwenye kipaza sauti chake, kama watu wanaosali kila mtu kivyake. Mjomba alikuwa mwisho kabisa. Mkoba wake wa vifaa ulikuwa miguuni.

"Mjomba, mwite aingie kwa mafundi."

Hakugeuka. "Shuka, Charla."

"Hajui aliko."

"Hajui aliko, lakini mtazame anavyokwenda." Alinyoosha kidole. Na ni kweli, gari la Coy lilikata kona kwa mstari safi, halikuyumba hata kidogo. Mikono yake iliujua uwanja ule. Hilo ndilo lililonitia baridi, kwamba mikono ilikuwa inaendesha peke yake.

"Mjomba, tafadhali."

Ndipo akanitazama. Uso wake ulikuwa umechomwa na jua la msimu mzima. "Mimi nimesimama juu ya paa hili tangu hujazaliwa. Nilimsimamia baba yako, mvua ni yangu, jua ni langu. Magoti yamekwisha, binti. Mwaka ujao siwezi. Leo ndiyo leo. Shuka kwa mama yako."

Akageukia uwanja. "Peupe," akamwambia Coy. "Rusk anakuja chini. Linda chini."

Niliinama nikafungua mkoba. Redio ya akiba ilikuwa mahali nilipoiweka mwenyewe, kwenye soksi ya sufu, ikiwa kwenye namba ya Coy. Nikaiwasha, nikabonyeza.

"Coy," nikasema.

Mjomba alisikia sauti yangu ubavuni, akabonyeza cha kwake papo hapo. Watu wawili wakibonyeza namba moja kwa wakati mmoja hakuna anayesikika. Dereva anapata mngurumo mtupu masikioni. Mjomba alijua hivyo, na mimi nilijua. Tulisimama pale tumebonyeza wote wawili, tunatazamana.

"Usinifanyie hivi," alisema hatimaye, kidole hakijatoka.

Chini yetu Rusk alichomeka gari lake upande wa ndani. Coy hakumwona, na hakuwa na jicho, kwa sababu sisi wawili tulikuwa tumemziba masikio. Niliona magari yakikaribiana kona ya pili. Nikaachia kitufe haraka kama mtu aliyeshika jiko la moto.

"Ndani! Ndani! Ndani!" Mjomba alipiga kelele.

Coy aliyumba kuelekea ukutani, ubavu ukagusana na ubavu, moshi mweupe ukapanda. Halafu akanyooka. Jukwaa lote lilisimama. Mjomba alishika reli.

Ndipo Coy akasema. Aliambiwa asiseme, lakini alisema.

"Nani alikuwa hewani? Mjomba, nani huyo?"

Mjomba alikuwa na kidole juu ya kitufe. Hakukibonyeza. Nikabonyeza mimi.

"Ni mimi. Charla."

Gari lilipita mbele yetu, likaingia kona, likatoka upande wa pili.

"Charla?" Coy alisema. "Mbona hujaenda shule?"

Gari likapita mbele yetu tena.

"Baba anajua? Baba akikukuta hapa utachapwa, nakwambia."

Mjomba Arvil alishusha mkono wake pole pole. Siku, mahali, miezi kinyumenyume, yote yale alikuwa amemkaririsha. Habari zangu hakumkaririsha, wala za baba.

Na chini jukwaani vichwa vilianza kugeuka. Kila mwenye hedifoni aligeuka kutazama paa, ngazi baada ya ngazi, kama mahindi yanavyolalia upande mmoja upepo ukipita. Bwana Hoyt naye aliinua macho. Maisha yangu yote nimekwepa hata watu watatu kunitazama kwa pamoja. Nikataka kuiweka redio chini. Ilikuwa na jasho langu, inateleza.

"Coy, ingia ndani," nikasema. "Kona ya nne shuka chini, uingie kwa mafundi."

"Siwezi. Kuna mtu ananisukuma nyuma. Nikiingia baba ataniua."

Nilimtazama Mjomba. Alikuwa amevua hedifoni sikio moja na anajikuna shingo, akitazama mbali ng'ambo ya ukuta, kwenye kilima chenye majani mekundu.

"Sema naye," aliniambia. "Mimi leo sina la kumwambia."

Nikabonyeza. Nilijisikia nikisema, "Baba anasema uingie."

Injini. Pumzi.

"Amesema?"

"Amesema."

"Kasemaje hasa?"

"Kasema inatosha kwa leo."

"Amekasirika?"

"Hapana," nikasema. "Amechoka tu. Anataka twende nyumbani."

Gari lilimaliza urefu wa uwanja mzima. Kwenye mstari mwamuzi alikuwa ameshainyoosha bendera nyeusi ya kumtoa dereva mbioni, yenye namba ya gari la Coy, anaitikisa kwa mikono miwili. Coy alipita chini yake kama mtu anayepita chini ya mti. Hakuiona.

"Sawa," alisema. "Niambie lini. Kunang'aa sana huku, sioni vizuri."

Basi nikamwambia. Nilisogea mpaka kwenye reli, wale wengine wa paani wakanipisha, na maneno yale niliyoyasikia tangu utoto yakatoka kinywani mwangu moja moja. "Nje wapo wawili. Kaa hapo ulipo. Kaa. Wanapita. Bado mmoja. Bado. Peupe. Sasa shuka. Shuka chini. Ndani hakuna mtu. Mguu kwenye breki, taratibu, taratibu zaidi. Hapo kulia kwako ni ukuta, usiuguse. Simama."

Gari la Coy lilisimama. Rusk alipita akiwa na njia nyeupe mbele yake, na hakuna aliyemshangilia mara ile. Watu waliendelea kunitazama mimi.

Mjomba aliketi juu ya mkoba wake. "Ubingwa umekwenda," alisema, jinsi mtu anavyosema mvua imeanza. Hakunilaumu. Alinyoosha mkono, akaichukua redio kutoka kwangu, akaizima ili betri isiishe.

Nilipofika chini, mama alikuwa ameshatangulia kwenye gari la wagonjwa. Sijui alishukaje upesi vile. Skana ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake, hedifoni zote mbili zimelegea, na ndani yake sauti ndogo ndogo za madereva wengine ziliendelea kuulizana habari za matairi.

"Ulimwambia baba yake anamwita," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nami nilipokusikia niligeuka kumtafuta." Alifuta uso kwa ncha ya blanketi, ambalo alikuwa amelibeba bila kujua. "Mtu mzima kama mimi. Nimegeuka kabisa, natazama mlango wa jukwaa."

Nilishika ncha nyingine ya blanketi isiburute chini.

"Sasa huyo humo ndani anamuulizia," mama alisema. "Tangu wamlaze anauliza hilo tu. Nenda ukamwambie wewe. Mimi sina nguvu, Charla. Mimi nilishampa habari hiyo mara moja."

Nikapanda. Nesi alikuwa anamfunga Coy kitambaa mkononi. Alikuwa amelazwa, shingo imebanwa, nywele zimelowa jasho. Macho yake hayakuwa sawa, moja lilikuwa na mboni kubwa kuliko lingine. Aliponiona alifurahi.

"Baba yuko wapi?"

Nilikaa kwenye kibenchi cha pembeni. "Baba alikufa, Coy."

Alinitazama kana kwamba nimemchapa kofi. Halafu akalia, kimya kimya, machozi yakimwingia masikioni kwa sababu hakuweza kugeuza kichwa. Niliyafuta kwa mkono wa sweta yangu. Nje bendera ya mwisho ilishushwa, kelele zikapanda, honi zikapigwa. Coy alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Nani ameshinda?"

"Rusk."

"Ah." Akapumua. "Baba yuko wapi?"

Nilimwambia tena. Akalia tena, vile vile, hakupunguza chochote. Mlangoni mama aligeukia uzio.

Mara ya tatu hakungoja nimalize.

"Tulimzika mvua inanyesha," alisema.

"Ndiyo."

"Jeneza liliteleza."

"Kidogo. Mjomba alilishika."

"Kwa hiyo hakusema kitu leo."

"Hakusema. Nilisema mimi."

Alifumba macho, nikadhani amelala. Nesi alimgusa shavu, akasema asiachwe alale, niendelee kumsemesha. Mimi, nimsemeshe mtu. Nikaanza kutafuta la kusema, yeye akaniwahi.

"Ulisema mbele ya watu wote?"

"Wote wenye skana."

"Hata Hoyt?"

"Hata Hoyt."

Mdomo wake ulisogea upande mmoja. Pengine lilikuwa tabasamu, pengine maumivu. "Ulichelewa," alisema.

"Kuchelewa nini?"

"Peupe. Yule wa pili alishapita, wewe unaniambia bado. Nafasi ilikuwepo."

"Niliogopa."

"Jicho haliogopi. Jicho linasema kinachoonekana."

"Sawa, Coy."

Mjomba Arvil alikuja na mkoba begani, akauweka chini, akasimama mlangoni bila kuingia. Alimtazama Coy, akanitazama mimi, akavua kofia. Kisha akairudisha kofia kichwani. "Nitalirudisha gari la mbio mimi," alimwambia mama. "Nyie nendeni naye." Alipoondoka alikuwa anachechemea miguu yote miwili.

Mama akapanda, milango ikafungwa. Alikaa kando yangu kwenye kile kibenchi chembamba, tukabanana kama jukwaani, na kabla hatujafika barabara kuu kichwa chake kilikuwa kimeangukia begani kwangu, na nyuzi za kiwandani zinanikera shingoni. Alikuwa amelala kweli safari hii.

"Charla," Coy alisema. "Baba yuko wapi?"

Nikamwambia, kwa sauti ya chini, nisije nikamwamsha mama.